Ndugu Yetu Aliyechelewa

Kilio kilikuwa Nyamugo, katika Kadutu mjini Bukavu, chini ya hema la bluu lililofungwa kati ya nyumba mbili za mbao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na watu waliteremka kile kilima viatu mkononi ili udongo usiwaangushe. Marehemu alikuwa shemasi wa kanisa moja la mtaani. Gari alilopanda kutoka Uvira lilianguka katika mteremko wa Ngomo, jioni ambayo mkewe alikuwa amekwisha kumwandalia bugali na samaki wa sambaza. Kati ya waombolezaji alikuwemo mgeni mmoja kutoka Uingereza, aliyefanya kazi na shemasi yule miaka miwili. Aliomba kusema neno. Ilikuwa mwaka 2007, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye sifa mtaani ya kujua Kiingereza. Nikaitwa kutafsiri.

Mgeni alianza kwa sauti ya chini: "Our late brother." Nikatafsiri bila kusita: "Ndugu yetu aliyechelewa."

Hema zima likanyamaza. Mzee aliyekaa karibu na jeneza akanivuta koti, akaniambia polepole, "Mtoto, sema marehemu." Nikasahihisha, nikaendelea mpaka mwisho. Tuliporudi kutoka makaburini nilikwenda kumwomba radhi mjane. Hakuwa na hasira. Alinishika mkono akasema, "Umesema kweli, mwanangu. Alichelewa. Tulimungojea mupaka asubui."

Nimetafsiri mamia ya hotuba tangu siku ile, lakini hakuna sentensi niliyoibeba muda mrefu kama hiyo ya mama yule. Ilinifanya nianze kuuliza jambo ambalo shuleni sikuwahi kuulizwa: neno linalosemwa siku ya kuzika, siku ya kuoa, siku ya kuapa, linafanya kazi gani ambayo maneno ya siku nyingine hayafanyi?

Nilianza na lile lililoniangusha. "Late" mbele ya jina la mtu halihusiani na kuchelewa kazini au mezani. Maana yake imetoka katika "hivi karibuni": mtu ambaye mpaka juzi alikuwa nasi. Kifaransa kina "feu", na sisi tuliokulia Kadutu tuliliona neno hilo kwenye misalaba ya mbao kabla hatujajua kusoma vizuri. Katika mtaa ambao moto umekwisha kuteketeza nyumba nyingi za mbao, mtoto aliyejifunza darasani kwamba "feu" ni moto hubaki akishangaa kwa nini jina la babu yake linatanguliwa na moto. Kumbe ni maneno mawili yanayofanana kwa sura tu; lile la msalabani lina asili ya Kilatini, la mtu aliyeyatimiza majaliwa yake. Nasi tunalo "marehemu", tulilolipokea kutoka Kiarabu: aliyerehemiwa. Kiingereza kinataja wakati, Kifaransa kinataja majaliwa, na Kiswahili kinamwombea mtu kila kinapomtaja. Mzee aliyenivuta koti hakuwa akisahihisha msamiati. Nilikuwa nimeinyima familia dua yake.

Kiingereza nilijifunza katika klabu iliyokutana kila Jumamosi saa nane mchana, katika darasa la shule ya msingi lenye madirisha yasiyo na vioo. Baada ya mapigano ya Bukavu ya Juni 2004, watu wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya kigeni walikuwa wengi kule Ibanda, na kijana wa Kadutu aliyejua kuzungumza nao aliweza kupata kazi ya udereva, ya ulinzi au ya ukalimani. Mwalimu wetu alikuwa ameishi Kampala miaka kadhaa kama mkimbizi. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na chaki, na akili ya kupanga maneno.

Siku moja alichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kulia akaandika: ceremony, marriage, funeral, baptism, coronation, inauguration. Akauliza nani anayajua. Tuliinua mikono wote, maana ukiyatamka kwa namna nyingine kidogo ni Kifaransa chetu cha shule. Upande wa kushoto akaandika: wed, bury, mourn, swear, oath, bless. Hakuna aliyenyanyua mkono.

"Haya ya kulia," akasema, "Waingereza waliyapata kwa watu waliowatawala, na kwa mapadre waliosoma Kilatini. Haya ya kushoto wamezaliwa nayo."

Mimi sikuamini. Kwangu Waingereza walikuwa watu waliotawala wengine tangu mwanzo wa dunia. Mwalimu akatueleza kwamba mwaka 1066 mtawala wa Normandie alivuka bahari akaishinda Uingereza, na tangu hapo ikulu, mahakama na wakubwa wa kanisa wakatumia Kifaransa na Kilatini, huku mkulima akibaki na Kiingereza chake shambani. Ilipita karibu miaka mia tatu kabla ya sheria ya mwaka 1362 kuamuru kwamba kesi zizungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wakihukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Darasani palikuwa kimya. Kila mmoja wetu alikuwa na mzazi aliyewahi kusimama mbele ya meza ya ofisi akisomewa karatasi ya Kifaransa na kuambiwa atie kidole.

Mstari ule wa chaki umenisaidia kuliko kamusi. Kila nilipokutana na Waingereza au Wamarekani katika sherehe, nilisikiliza ni lini wanavuka kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto. Nikagundua kwamba kwenye tangazo, kwenye barua na kwenye programu ya siku, maneno ni ya kulia: marefu, yamevaa tai. Lakini ikifika ile dakika ambayo watu wameikusanyikia, lugha inarudi kushoto. Karatasi itasema "funeral", lakini mwana atasema wanakwenda kumzika, "bury", baba yake. Rais anafanyiwa "inauguration", lakini analoinulia mkono ni "swear". Kasisi anaendesha "ceremony", lakini mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mtoto anasema "bless". Watu hawa ambao vijana wetu wanawaiga kwa maneno makubwa, wao wenyewe jambo likiwa zito hushika maneno madogo ya nyumbani kwao.

Chukua "wedding" na "marriage", maneno yaliyowatesa wanafunzi wote wa klabu, kwa kuwa Kifaransa hutumia "mariage" ileile kwa siku ile na kwa maisha yote yanayofuata. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuteseka. "Wedding" ni harusi, "marriage" ni ndoa: moja huisha viti vikikusanywa, nyingine ndiyo kwanza inaanza. Ila angalia jinsi yalivyopishana. Sisi ndoa tumeitoa katika kitenzi chetu cha kuoa, na harusi tumeipokea kutoka Kiarabu. Wao kifungo wamekiita kwa neno la Kifaransa, na siku yenyewe wakaiachia neno la mababu. Na neno hilo la mababu, "wedd", kwanza lilikuwa na maana ya dhamana, kitu kinachowekwa mkononi ili ahadi isivunjwe. Baba yangu, ambaye hakujua Kiingereza hata neno moja, nilipomweleza hayo alijibu mara moja: "Basi hata wao walikuwa na enkwano." Ndivyo sisi Washi tunavyowaita ng'ombe wa kuposea. Sikuwa na la kuongeza.

Tarehe 20 Januari 2009, saa moja jioni kwa saa za Bukavu, tulikuwa watu zaidi ya thelathini katika sebule moja ya Kadutu yenye jenereta. Mwalimu alikuwa ametuandalia maneno tangu Jumamosi. Alipoandika "inauguration of Barack Obama", mmoja wetu aliuliza kama Wamarekani wanafungua jengo, na swali lilikuwa la haki, maana kwetu "inauguration" ni ya shule mpya au ya bomba la maji, utepe ukikatwa na wakubwa wakipiga picha. Rais kwa Kifaransa hufanyiwa "investiture", na kwa Kiswahili huapishwa. Kiswahili kimechagua kutaja kile chenye uzito katika siku nzima: kiapo.

Tuliona Jaji Mkuu John Roberts akimtajia Obama maneno, na Obama akasita katikati. Sisi tulidhani ni televisheni. Baadaye redio ikaeleza kwamba jaji alikuwa amelihamisha neno moja, "faithfully", lenye maana ya kwa uaminifu, kutoka mahali pake. Kiapo kile kimeandikwa katika Katiba ya Marekani na kina maneno 35. Hakuna neno lililopotea. Moja tu lilikaa si mahali pake. Hata hivyo kesho yake jioni jaji alikwenda ikulu, na kiapo kikarudiwa chote katika chumba kimoja, bila umati wala nyimbo. Nilimfikiria mzee wa Nyamugo. Taifa lile lenye nguvu zote lilikuwa limevutwa koti kwa ajili ya neno moja, na likatii.

Siku ileile ya kiapo cha kwanza majeshi ya Rwanda yalivuka kuingia Kivu Kaskazini, kwa makubaliano na serikali yetu, katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu. Jina la Kiswahili. Tulilisikia redioni baada ya kiapo, jenereta ikiwa imezimwa, na hakuna aliyeuliza maana yake kwa kuwa sote tulijua Kiswahili. Tulijiuliza tu huyo "wetu" ni nani.

Miaka iliyofuata, nikisoma Kiingereza katika Taasisi ya Juu ya Ualimu ya Bukavu, nilipewa kitabu cha mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, *How to Do Things with Words*. Kilitoka mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake, kutokana na mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955. Anachosema ni kitu ambacho mshenga yeyote wa Kadutu anakijua, ila yeye alikaa chini akakipanga: kuna maneno ambayo kuyatamka ndiko kulitenda jambo lenyewe. Bibi harusi akisema anakubali, hatoi habari za kukubali. Anaolewa pale pale. Na maneno hayo yakisemwa na asiyestahili, au mahali pasipo pake, tendo halitimii. Nilifurahi zaidi kukuta kwamba Austin naye aliteleza. Alitoa mfano kwamba mtu anayeoa hujibu "I do", wakati katika ibada ya Kanisa la Anglikana jibu ni "I will". Alitambua kosa lake akiwa amechelewa kurekebisha, na mhariri wa kitabu akaliacha na kuweka maelezo kwamba kwa hoja yake halina uzito. Kwa falsafa labda. Kwa wanaooana lina uzito. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1949 imeandika hata maneno ambayo wanaofunga ndoa kwa msajili wa serikali wanatakiwa kuyatamka.

Hapa kwetu mtu huoa mara tatu: katika familia, kwenye komini, kanisani. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaitaka dote, yaani mahari, hata ikiwa ya ishara tu, na inataka ndoa ifungwe mbele ya ofisa wa serikali au iandikishwe kwake. Dada yangu alipoolewa mwaka 2014 nilikuwa nimejaa Austin kichwani, nikazitazama siku zote tatu kama mtu anayetafuta mahali fundo linapofungwa.

Siku ya dote, wasemaji wa familia mbili walizungumza Kiswahili asubuhi nzima, wakachanganya na Kifaransa kila walipotaka kupandisha heshima. Walitaniana, wakatozana faini za chupa za Primus, wakapatana. Lakini ilipofika dakika ya kutamka kwamba ng'ombe wamepokelewa, baba mdogo alisimama, akavua kofia, akasema kwa Kishi, sentensi moja fupi. Kijana wa protokole aliyeshika maikrofoni alimwomba airudie kwa Kifaransa kwa ajili ya wageni. Baba mdogo akamjibu, "Wageni utawafasiria wewe. Mimi neno hili nalisema nilivyolisikia kwa baba yangu."

Kwenye komini ofisa alisoma vifungu vya sheria kwa Kifaransa, akavieleza kwa Kiswahili, halafu akamwuliza dada kwa Kifaransa kama anakubali. Dada akajibu "Oui". Palipigwa makofi ya adabu. Mama mkwe wake, aliyekuwa ametoka Walungu alfajiri akiwa amevaa kikwembe kipya, akauliza kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "Amesema nini?" Ofisa, Mungu ambariki, hakukasirika. Alimgeukia dada mara ya pili: "Unakubali?" Dada akamtazama mama mkwe, si ofisa, akasema, "Ndiyo, ninakubali." Hapo ndipo vigelegele vilipopanda mpaka barabarani. Kwa sheria, ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa dakika moja kabla. Kwa yule mama ilifungwa pale.

Kanisani nitapita haraka. Ibada ilikuwa nzuri, lakini fundo nilikuwa nimekwisha kuliona.

Kuhusu masomo, Wamarekani wana neno ambalo mwanzoni lilinishangaza kuliko yote. Siku ya kumaliza chuo wanaiita "commencement", mwanzo. Harvard waliifanya ya kwanza mwaka 1642. Sisi katika vyuo vya Kongo tunasema "collation", neno ambalo kwa Kifaransa ni kutunuku shahada na pia ni chakula chepesi, na Watanzania wana mahafali. Mdogo wangu alipotetea kazi yake katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, kule juu Karhale, rafiki zake walitundika kitambaa kilichoandikwa "Graduation Party". Mama alikisoma herufi kwa herufi, akauliza ni nini. Kabla hatujajibu, shangazi alikuwa ametoa kopo la poda, akammwagia mwanafunzi kichwani mpaka nyusi zikawa nyeupe, na mama akaanza kuimba. Aliielewa sherehe yote. Kwa nini kitambaa hakikuandikwa kitu ambacho yeye, aliyeuza sambaza katika soko la Kadutu ili kulipa karo ya miaka mitano, angeweza kukisoma na kulia?

Sikatai kuazima. Harusi, mahari, hotuba, mahafali na lile "marehemu" lenyewe yametoka Arabuni, na hakuna mama wa Cimpunda wala wa Mosala anayeyaona mageni. Hata "dote" ni Kifaransa kilichokwisha kupewa kiti na kinywaji. Neno hukaribishwa pole pole, watu wakioa nalo na kuzika nalo miaka mingi. Ninachokikataa ni haraka ya sasa. Tangu nchi yetu iingie rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Julai 2022, Kiingereza kimepanda bei, na nafurahi kwa kuwa ndicho kinachonilisha. Lakini naona mialiko ya "Wedding" ikipelekwa kwa wazazi ambao hawatajua wameitwa wapi, na washereheshaji vijana wanaomwambia mjane "my condolences" kwenye maikrofoni kisha wanapita kwa anayefuata. Wanadhani wanaongea kama Waingereza. Sivyo. Mwingereza anayeishika mikono ya mjane wa kwao humwambia "I am so sorry", maneno manne ambayo hata mtoto anayajua.

Mwaka jana nilirudi chini ya hema kama lile, mtaa uleule, nikatafsiri tena. Safari hii nilifika saa nzima kabla. Niliingia ndani walipokaa wanawake chini kwenye mkeka, nikamsalimu mkubwa wao, nikauliza: marehemu tunamwitaje hapa, Papa au Mzee, na jina lipi? Alinitajia jina la Kishi ambalo halikuwa kwenye programu. Mgeni aliposema "our late friend", nilikuwa nalo tayari.

Nawaomba ninyi vijana mnaoshika maikrofoni Kadutu, Bagira na Ibanda: kabla ya kusimama, ingieni kwanza mule ndani, mwulizeni mama wa nyumba anaiitaje siku hiyo, na mlitumie neno lake.